Kutembeza Maji

Dresa wa zahanati hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinikalisha kwenye benchi, akaushika mguu wangu wa kushoto, akalikunja goti mpaka nikamwita mama yangu ambaye alikwisha kufa zamani. Kisha akauachia mguu na kumgeukia baba.

"Mfupa umeunga," akasema. "Goti ndilo limelala. Asipoliamsha kiangazi hiki litabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Apande mlima, ashuke mlima, kila siku. Akilia mwacheni alie, ila apande."

Baba akauliza kama hakuna dawa ya kupaka. Dresa akamjibu kwamba dawa ni mlima.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Nyumbani kwetu ni Nyakasimbi, ndani ya migomba na kahawa. Wakati wa likizo ya Krismasi nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi kichwani, nikateleza kwenye tope. Mkungu ukaenda kwake na mimi nikaenda mtaroni, mguu ukavunjika karibu na goti. Hospitali ikanifunga plasta mpaka mvua za masika zilipokaribia kwisha. Shule yangu ya bweni, huko Bukoba, ilikubali kunitunzia nafasi hadi muhula utakaofunguliwa mwisho wa kiangazi. Lakini sharti lao lilikuwa wazi: kila msichana analima, anachota maji na kukata kuni kama wenzake. Asiyeweza, kitanda chake anapewa mwingine.

Baba naye akatia sharti lake juu ya hilo. Malori ya kahawa yaliyokwenda Bukoba yalikuwa yanapakia Kayanga, na kutoka kwetu mpaka Kayanga ni safari ya kutwa nzima kwa mguu. "Ukifika Kayanga kwa miguu yako, utakwenda shule," akasema. "Usipofika, tunarudi nyumbani, na habari ya shule imekwisha."

Sikulia. Nilikasirika. Bibi, mama yake baba, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akisema kwamba mimi nilitoka tumboni nimekunja ngumi, na mpaka leo sijaona sababu ya kumkatalia. Nilijiapiza kwamba kitanda changu hapewi mtu.

Basi nikaanza. Kila asubuhi bibi alinikanda goti kwa samli, halafu nikachukua fimbo na kuukabili mlima ulio nyuma ya kibanja chetu cha migomba. Siku za mwanzo nilikuwa naishia kwenye migomba ya mwisho, natapika, narudi. Na maneno ya watu nayo yalikuwa mazoezi tosha. Kwetu mtu hapandi mlima bure, hasa kiangazi, wakati nyasi zimekauka na jua linachoma utosi. Anapanda kutafuta mbuzi aliyepotea, au kuni, au anapeleka habari ya msiba.

"Umepoteza mbuzi?" waliniuliza.

"Hapana."

"Unakwenda wapi sasa?"

"Juu."

"Kufanya nini huko?"

"Kurudi."

Wakanipisha. Baadaye nikasikia imesemwa kwamba plasta ya hospitali imepanda kichwani.

Siku niliyofika kileleni kwa mara ya kwanza nilikuta mtu amekaa kwenye jiwe langu. Nasema langu kwa sababu nilikuwa nimelitamani kutoka chini muda wote, nikijiambia nitalikalia hata nikifia hapo. Mtu mwenyewe nilimjua kwa sifa. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyerudi kutoka vita vya Bama dhidi ya Wajapani akiwa na risasi kifuani. Alipumua kwa sauti, hakuwa na mke, na kijumba chake kilikuwa upande wa pili wa mlima. Watu walimwogopa kidogo. Ilisemwa kwamba anakaa mlimani kuchora ramani za mashamba yetu ili boma lije kuyachukua.

"Shikamoo," nikasema, maana hasira haiondoi adabu.

"Marahaba, binti. Kaa, jiwe ni kubwa."

Nikakaa, nikaichungulia hiyo ramani. Hapakuwa na ramani. Kulikuwa na karatasi nene ya ukubwa wa kiganja, na ndani yake mlima wa ng'ambo na bonde letu, na moshi wa asubuhi ukitoka kwenye migomba. Kando yake palikuwa na kikopo bapa cha bati chenye vidonge vya rangi vilivyolika katikati, brashi moja iliyobakiwa na nywele chache, na kikombe cha maji yaliyochafuka. Nilikuwa nimeona picha za kuchapwa, zile za hadithi za Biblia zinazobandikwa ukutani. Sikuwa najua kwamba picha inaweza kutoka mkononi mwa mtu, tena mtu wa kwetu, mwenye tope la kwetu kwenye kucha. Moyo ulinienda mbio, na haukuwa mlima peke yake.

Akaniambia kwamba alijifunza hospitalini huko India. Muuguzi mmoja alikuwa anawagawia majeruhi rangi za maji ili mikono yao ipate kazi na vichwa vyao vipumzike. Wenzake waliziacha pale pale. Yeye alirudi nazo huku kwetu Karagwe.

Ningenyamaza ningekuwa msichana mwema. Lakini sikuweza.

"Mlima umeukosea," nikamwambia.

"Umekosewa wapi?"

"Umeupaka kahawia. Mlima huu kiangazi ni gaju."

Inafaa nieleze. Bibi yangu alizaliwa kwa wafugaji, kule mbugani upande wa Songambele, na kwa watu wa ng'ombe kahawia si rangi, ni uvivu wa macho. Wao wana bihogo, wekundu ulioiva ukakaribia weusi. Wana gaju, ule uhafifu wenye umanjano ndani yake. Mimi nililelewa na maneno hayo kabla sijajua Kiswahili cha shule.

Yule askari alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Gaju ya ng'ombe mzima au ya ndama?"

"Ya ndama, tena aliyelala juani."

Akalowesha karatasi nyingine, akadondosha manjano, akagusa wekundu kidogo tu kwa ncha ya brashi, akaiinamisha karatasi. Rangi ikatembea yenyewe, ikakusanyika mahali mlima ulipostahili kuwa. Nikamuuliza nyeupe iko kidonge gani. Akasema nyeupe hana, na haihitaji. Anapotaka weupe anaiacha karatasi bila kuigusa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimesahau kwamba goti linauma. Lilinikumbusha usiku, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nivunjike.

Kuanzia hapo nilikuwa na sababu ya kupanda. Yeye naye akaniona nafaa kwa jambo moja: maji. Kiangazi chemchemi iko bondeni, na yeye kwa kifua kile kuishuka na kuipanda ile njia ilikuwa inamchukua nusu ya siku. Akasema, "Kama unapanda kila siku, si upande na maji?" Nikakubali. Nikawa natoka chemchemini na mtungi mdogo kichwani juu ya ngata, napanda polepole, namjazia kikombe na kibuyu chake. Fimbo niliiacha, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa unashika mtungi. Nilijiona nimepiga hatua kubwa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kwetu msichana hapeleki maji kwa mwanamume asiye wa ukoo wake. Maji ya kwanza anayoyapeleka binti kwenye mji wa mtu mwingine ni maji ya bibi harusi. Yakishaingia kwenye mtungi wa mume, watu wamekwisha kuona, hakuna haja ya kutangaza. Mimi nililijua hilo kama nilivyolijua jina langu. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye goti na kwenye rangi, wala sikufikiri kwamba kikombe cha kuoshea brashi kinaweza kuhesabiwa kuwa mtungi wa mume.

Wanawake wa chemchemini walihesabu. "Shemeji, mzee wako hajambo?" wakawa wananisalimia, wakicheka. Nilidhani ni utani wa kawaida. Lakini siku moja mzee mmoja jirani alimfuata baba kwenye mikeka yake ya kahawa, akampa mkono wa pongezi, akamuuliza rubisi, pombe ya ndizi ya kumposa binti, itanywewa lini, maana yeye hajaalikwa.

Baba aliacha kahawa juani akaja nyumbani. Sikuwa nimewahi kumwona vile. "Mguu huo," akaniambia, "naona umeshapona kiasi cha kukupeleka kwa mume. Sasa utakaa hapa. Mlima basi."

"Na goti?" nikauliza.

"Goti litakaa pamoja na wewe."

Niliona kitanda changu cha shule akipewa mtu mwingine. Nikafungua mdomo nimjibu baba yangu kitu ambacho hakijibiwi, na namshukuru Mungu kwamba bibi alitangulia.

"Wewe umelelewa na mimi au na mwingine?" bibi akamwambia baba. "Maji ya mke hubebwa wapi?"

"Kichwani, mama."

"Na mchunga ng'ombe anayekwenda malishoni, maji yake huyabeba wapi?"

Kila mtu anajua: kwenye kibuyu, kwa kamba, begani.

"Basi huyu atabeba begani," bibi akasema. "Mwenye macho ataona kwamba anakwenda kuchunga, si kuolewa. Na huyo askari akitaka kuoa, aje hapa mlangoni kwa miguu yake, nimwambie mwenyewe kwamba ni mzee." Baba akarudi kwenye kahawa yake. Kesho yake nilipanda na kibuyu begani, na wanawake wa chemchemini wakakosa cha kucheka, wakanichukia kidogo.

Nilikuwa napanda kwa kasi sasa. Nyumbani bibi alinitazama nikivuka ua na kusema, "Umepona, mjukuu wangu. Huonekani kabisa kama uliwahi kuvunjika." Majirani nao hivyo hivyo: umepona, umepona. Nikawa nahesabu kwamba Kayanga ni yangu.

Asubuhi moja nilimkuta askari amemaliza picha ya njia yetu, ikitokea bondeni na kuzunguka jiwe jeupe. Katikati ya njia alikuwa amemweka mtu mdogo, si mkubwa kuliko punje ya uwele, na kibuyu begani. Nilijitambua mara moja. Na nilichotambua si kibuyu, ni mguu. Yule mtu mdogo alikuwa ameutupa mguu wa kushoto nje, umenyooka kama mpini, na nyonga imepanda upande mmoja.

"Huyu ni nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ni wewe."

"Umenichora kiwete."

"Nimechora kinachopanda."

"Kila mtu anasema nimepona."

"Wanakupenda," akasema. Akaosha brashi yake.

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia kwamba karatasi zake ni za kuwashia moto. Nikashuka mlima huku nalia kwa hasira, na kwa kuwa nilikuwa nalia nilikuwa natazama chini, na kwa kuwa nilikuwa natazama chini nikauona mguu wangu. Ulikuwa unafanya vile vile alivyochora. Haukunji goti hata kidogo. Unatupwa nje kutoka nyongani, unazunguka, unatua. Nilikuwa nimepanda mlima wiki zote zile nikilibeba goti limelala, sikuliamsha hata siku moja. Na mguu wa namna hiyo hauwezi kutembea kutwa nzima mpaka Kayanga. Nilikaa chini njiani nikaogopa sana.

Hofu yangu haidumu, hugeuka haraka kuwa ubishi. Nilifikiri usiku ule wote jinsi ya kulilazimisha goti, na jibu likaja kutoka kwa yale yale maji yaliyoniletea balaa. Mtu anayetupa mguu anayumba. Anayeyumba hawezi kubeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni bila kumwagikiwa. Maji yangekuwa ndiyo dresa wangu, kwa kuwa nayo hayana huruma.

Lakini nikiyabeba kichwani kupanda mlima, nimekuwa bibi harusi tena. Basi nikafanya hivi: nilijaza mtungi chemchemini mpaka mdomoni, nikaupandisha mlima kichwani, nikalizunguka jiwe, nikaushusha mlima, nikarudi nao nyumbani na kumimina kwenye mtungi wa bibi mbele ya watu wote. Maji ya askari yalikuwa begani kwenye kibuyu chake, na maji ya kichwani yalirudi kwetu. Nani angeniita mke wa mtu, na maji yamelala kwa bibi yangu?

Walinipa jina lingine. Wakasema wafugaji hutembeza ng'ombe, msichana wa kahawa anatembeza maji. Watoto walinifuata wakiuliza kama maji yamechoka, kama maji yamesalimia huko juu. Siku za mwanzo nilifika nyumbani nimelowa bega lote la kushoto, gauni limegandamana mwilini, mtungi nusu. Goti lilivimba, bibi akalikanda, akaniomba nipumzike japo siku moja. Nikakataa. Nilijifunza kukunja goti kwanza, kabla ya kuinua kisigino, kisha kuushusha mguu moja kwa moja chini yangu. Iliniuma kama kunyolewa kwa kisu butu. Kulia nililia, maana dresa alikwisha kuruhusu, ila nilipanda.

Kwa askari sikuomba radhi kwa maneno. Nilimpelekea maji tu kama kawaida, nikaketi upande wangu wa jiwe. Naye hakutaja habari ile. Karatasi zake zilikuwa zinakwisha, akawa anazikata vipande vidogo zaidi, anachora na upande wa nyuma. Kati ya kupanda na kushuka nilimtazama akifanya kazi, nikajifunza kutazama. Mpaka leo nikiona kilima nakiuliza kwanza ni bihogo au ni gaju.

Siku hadi siku maji yalimwagika kidogo zaidi, na bega langu likaanza kufika nyumbani likiwa kavu. Kuelekea mwisho wa kiangazi, mawingu ya kwanza yalipoanza kupita bila kunyesha, askari alinionyesha kipande kimoja. Kilikuwa na njia ile ile, na wanawake watano au sita wanapanda kutoka chemchemini na mitungi kichwani.

"Mimi ni yupi?" nikauliza.

Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaiweka mbali. "Sijui," akasema. "Wakati nachora nilikutafuta, sikukupata."

Sijapata kusifiwa hivyo tena maishani. Nilicheka, halafu nikalia, yeye akajifanya anatafuta brashi.

Baada ya siku chache tukaondoka, baba na mimi, alfajiri. Baba alikuwa na baiskeli, nayo aliisukuma. Sanduku langu la bati alilifunga mbele kwenye usukani. Keria ya nyuma aliiacha wazi, akaikunjia gunia juu yake ili iwe laini.

"Ukichoka, kaa hapa," akasema. "Lakini ukikaa, baiskeli inageuka."

Tukatembea. Sitasema haikuniuma. Tulipovuka mabonde ya kwanza goti lilikuwa linawaka, na jua lilipopanda nilianza kuona keria ile kila nilipofumba macho. Baba alitembea nyuma yangu kidogo. Kila baada ya kona aliniuliza, "Umechoka?" Nikasema hapana. "Tupumzike?" Nikasema tusimame, tusikae. Alikuwa ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa, ile ambayo hakuitumia tangu nilipokuwa mdogo, na upole ule ulikuwa mzito kuliko mlima. Mara mbili mguu ulitaka kujitupa nje, nami nikajiambia maji, maji, nikaukunja. Hakukuwa na mtungi kichwani, lakini nilitembea kama upo.

Tulifika Kayanga jua likiwa limeinama. Wakati ule ilikuwa maduka machache ya mabati na vumbi, na lori la kahawa limejaa magunia, wasichana wawili wa shule yetu wamekaa juu yake. Baba akalipandisha sanduku. Kisha akanyoosha mkono anivute, kwa kuwa bodi ya lori ilikuwa juu. Sikuushika. Nikaweka mguu wa kushoto kwenye tairi, goti likakunjika mpaka mwisho wake, nikapanda.

Baba alibaki chini ameishika baiskeli, akilipapasa lile gunia la kwenye keria. Dereva akawasha lori. Baba akasogea mpaka chini ya mahali nilipokaa, akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, nami sikuwa nimewahi kuyaona hivyo.

"Njia nzima," akasema, "nilikuwa namwomba Mungu ukae, turudi nyumbani."

"Nilijua, Baba," nikamwambia. "Ndiyo maana sikukaa."